USALAMA HAUUZWI PAMOJA NA MELI

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, muuza duka, mbele ya mkutano wa tawi baada ya sala ya Alasiri. Wengi waliokuwapo, na wengi zaidi waliokosa nafasi, wametuomba tuichapishe kama ilivyosomwa. Mhariri.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya usalama wa vyombo vya baharini, na juu ya njia za kuyafikia maji. Nimekubali kwa khofu, maana mimi si nahodha wala si mwanasheria. Mimi ni muuza duka. Elimu yangu ya kwanza niliipata chuoni, juu ya mkeka. Na ya pili nimeipata nyuma ya mizani, daftari la madeni likiwa mbele yangu. Walakini mkaazi wa kisiwa hana udhuru wa kusema kwamba bahari haimhusu. Unga niuzao umevuka bahari. Sukari imevuka bahari. Na mteja wangu akipatwa na maradhi yasiyotibika hapa, naye huvuka bahari, na jamaa zake hubaki pwani wakihesabu saa. Basi nitasema kama asemavyo mtu wa duka: nitaweka mambo mawili juu ya mizani, nanyi mtatazama wenyewe upande gani unalalia.

Nitaanza mbali, kisha nitarejea nyumbani. Sababu ya kuanza mbali ni kwamba chombo kimoja kilichotoka huko kilikuja kufia katika bahari yetu, pamoja na watu wetu.

CHOMBO KILICHOTOKA WASHINGTON

Huko Marekani liko jimbo liitwalo Washington. Si ule mji mkuu anamokaa Rais. Hili ni jimbo, liko kaskazini-magharibi ya nchi, nalo limeelekea bahari kuu ya Pasifiki. Ndani ya jimbo hilo pana ghuba ndefu iitwayo Puget Sound, iliyoingia ndani ya nchi kama mkono uingiavyo katika kanzu. Imezungukwa na ardhi na visiwa, na kwa hivyo mawimbi ya bahari kuu hayaifikii kwa ukali wake. Wengi katika watu wa visiwa hivyo hufanya kazi katika mji wa Seattle, na jioni hurejea majumbani mwao kwa feri za Serikali ya jimbo, ambayo imeendesha usafiri huo tangu mwaka 1951.

Mwaka 1989 ziliundwa feri mbili ndogo za abiria kwa ajili ya maji hayo yaliyokingwa, zikapewa majina ya Skagit na Kalama. Zilitumika hapo kadiri ya miaka 20. Zikaachishwa kazi mwaka 2009, na mwaka 2011 zikauzwa, zikaletwa Afrika ya Mashariki. Aliyezinunua alipata mitambo, viti na madirisha.

Yaliyofuata mwayajua, na wengine humu ndani mwayajua kwa machozi. Tarehe 18 Julai 2012 Skagit iliondoka Dar es Salaam adhuhuri kuja Unguja. Mwezi wa Julai ni Kusi, wala hapana mtoto wa pwani asiyejua Kusi linavyovuma katika mkondo ule. Alasiri, karibu na kisiwa cha Chumbe, mahali ambapo msafiri huanza kufunga mizigo yake kwa kuwa mji umekwisha kuonekana, chombo kikapinduka. Wengi katika waliopanda hawakutolewa majini wakiwa hai.

Wakati huo ilikuwa haijatimia hata miezi 11 tangu usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama Spice Islander kati ya Unguja na Pemba. Meli ile ilikuwa na ruhusa ya kuchukua watu 600 na ushei. Tume ya uchunguzi ikaona kwamba ilichukua zaidi ya 2,000, na hesabu ya waliokufa na wasioonekana ikapita 1,500. Nyumba ngapi zilikaa matanga bila ya maiti kuoshwa? Kila mmoja wetu na ajijibu kimya kimya.

Sasa tuirejee ile Skagit na tuiweke juu ya mizani. Chombo ni kile kile. Abiria ni wana wa Adamu, huko na huku. Kilichobadilika ni mambo mawili. Jambo la kwanza ni bahari: chombo kilichoundwa kwa maji yaliyokingwa kilitiwa katika mkondo ulio wazi. Jambo la pili ni yale yote yaliyokizunguka chombo kule kilikotoka, nayo hayakutiwa katika bei: sheria yenye kutekelezwa, mkaguzi asiyeona haya kukataa, hesabu ya watu iliyo kweli, na raia aliyefundishwa. Ndiyo maana nikasema, na nitasema tena, kwamba usalama hauuzwi pamoja na meli. Mwenye kununua meli hununua meli tu. Usalama hana budi kuutengeneza mwenyewe nyumbani kwake.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Nimejitahidi kuuliza na kusoma khabari za jimbo hilo lililotuuzia. Hapa yanipasa nifafanue, nisije nikawapoteza. Meli kubwa za abiria kule hukaguliwa na Walinzi wa Pwani wa Serikali kuu ya Marekani. Lakini vyombo vidogo, yaani mashua za injini, ngalawa na mitumbwi ya watu binafsi, vinaangaliwa zaidi na majimbo yenyewe. Katika Washington kazi ya kufundisha watu usalama wa vyombo hivyo imewekwa mikononi mwa Kamisheni ya Bustani za Jimbo, ofisi iliyoanza tangu mwaka 1913. Mtu atashangaa: bustani na bahari, wapi na wapi? Lakini jina si kitu. Kitu ni kwamba ipo ofisi moja ambayo raia anaweza kuinyooshea kidole na kusema, "Hii ndiyo inayonidai maarifa, na hii ndiyo ninayoidai usalama."

Nimeziona nguzo tatu katika kazi yao.

Nguzo ya kwanza ni maarifa. Mwaka 2005 walipitisha sheria ya kwamba mtu anayeongoza chombo chenye injini ya nguvu za farasi 15 au zaidi awe na kadi ya kuthibitisha kwamba amejifunza kanuni za usalama na akafaulu mtihani. Hawakuwaangukia watu kwa ghafula. Walianza mwaka 2008 kwa vijana, kisha umri ukapandishwa mwaka hadi mwaka, na waliozaliwa kabla ya mwaka 1955 wakasamehewa. Na kadi hiyo mtu huipata mara moja, nayo humtosha umri wake wote. Haikufanywa mrija wa kumnyonya mvuvi kila mwezi wa Januari. Yazingatieni hayo. Sheria iliyotungwa kwa nia ya kufundisha hutambulikana kwa namna inavyomsubiri mjinga ajifunze. Sheria iliyotungwa kwa nia ya kukusanya hutambulikana kwa namna inavyomvizia.

Nguzo ya pili ni boya la kuvaa, yaani lile jaketi la kuokolea maisha. Kila chombo hakina budi kuwa na boya la kila mtu aliyemo, si la kila watu watatu. Na mtoto wa miaka 12 au chini yake, akiwa katika chombo kidogo cha chini ya futi 19 kinachokwenda, humlazimu alivae mwilini. Kuwekwa chini ya kiti hakutoshi. Zaidi ya hayo, katika pwani nyingi wameweka vibanda ambamo mzazi asiye na boya huazima la mtoto wake bila malipo, kisha akirudi hulirejesha. Nimelipenda jambo hilo kuliko yote, kwa kuwa halihitaji mashine wala mhandisi. Lahitaji ubao, misumari, na uaminifu.

Msidhani wao wamekwisha kushinda. Katika Marekani nzima, mwaka 2023, watu 564 walikufa katika ajali za vyombo vya matembezi. Robo tatu ya wale ambao sababu ya kufa kwao ilijulikana walikufa kwa kuzama, na katika waliozama, 87 kwa kila 100 walikuwa hawakuvaa boya. Nchi tajiri kama ile, yenye helikopta na redio, na bado mtu hufa kwa kukosa kufunga kamba mbili kifuani! Lakini angalieni faida ya kuwa na hesabu. Wao wanajua ni wangapi na kwa sababu gani. Na anayejua kidonda kilipo ndiye awezaye kukitia dawa. Muuza duka asiyeandika daftari hufilisika akidhani anapata faida.

Nguzo ya tatu ni njia ya kuyafikia maji, nayo ndiyo yenye mafunzo makubwa kwetu. Huko, kama kwetu, mafuta ya injini hutozwa kodi, na kodi ya mafuta ilikuwa ikitumika kutengeneza barabara. Wenye vyombo wakasema: chombo changu hakipiti barabarani, basi kwa nini kodi yangu iende huko? Sheria iliwaruhusu kudai warejeshewe, lakini wengi hawakuwa wakidai, na fedha zao zikabaki zikitengeneza barabara za wenye magari. Ndipo mwaka 1964 raia wenyewe wakapeleka hoja katika kura, wala hawakungoja mjumbe awasemee. Hoja ikapita. Tangu hapo fedha ile isiyodaiwa imetengwa kwa kununulia ardhi ya pwani iwe ya watu wote, na kwa kujengea miteremko ya kushushia vyombo, magati, na mahali pa kufungia chombo cha mgeni. Miji, kaunti na bandari hupeleka maombi, na ofisi ya jimbo hugawa. Kadhalika ada wanayolipa wenye vyombo kwa kuviandikisha, sehemu yake hupewa kaunti zenye doria ya majini iliyokubaliwa.

Kwa maneno mafupi, fedha iliyotoka majini hurejea majini. Mlipaji huenda pwani akaona mteremko wa saruji, akasema, "Shilingi yangu imo humu." Mtu wa namna hiyo hufuata sheria bila ya kufuatwa na askari, kwa sababu anaiona sheria kuwa ni mali yake.

TURUDI NYUMBANI

Nasi tunayo Mamlaka ya Usafiri Baharini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Uzingatieni mwaka huo, ndugu zangu. Ilikuwapo katika mwaka 2011, na ilikuwapo katika mwaka 2012. Sisemi hivyo kwa kumtukana mtu. Wapo humo watumishi waliosoma na wenye dhamiri njema. Nasema ili tufahamu kwamba kuwa na ofisi, jengo na muhuri si dawa peke yake. Ofisi ni chombo. Nayo, kama chombo chochote, yahitaji nahodha, mafuta, na watu wanaojua inakokwenda.

Na mwenye haki apewe haki yake. Baada ya msiba wa pili waziri aliyehusika alijiuzulu, na huo ni uungwana. Serikali ikaagiza meli mpya, MV Mapinduzi II, iliyoundwa Korea ya Kusini kwa abiria 1,200, ikawasili mwishoni mwa mwaka 2015. Hilo lilikuwa jema. Lakini kujiuzulu si gati, na meli moja kubwa haifiki Kojani, wala Fundo, wala Makoongwe, wala Kisiwa Panza, wala Tumbatu. Watu wa huko huvuka kwa mashua na madau. Mama mjamzito huvua viatu, akashika nguo zake, akayapita maji mpaka magotini ili aufikie ubavu wa chombo. Mgonjwa hubebwa mgongoni. Mwanafunzi hufika skuli na miguu imerowa. Tusemapo "njia ya kuyafikia maji", wenzetu hufikiria matembezi ya siku ya mapumziko. Sisi twafikiria mama huyo.

Tena yatupasa tufahamu kinachozamisha. Chombo hakizami kwa uzito tu. Huzama kwa uzito uliokaa mahali pabaya. Mizigo iliyo chini, ngamani, hukishika chombo kisilewelewe. Abiria waliojazana juu, na magunia yaliyorundikwa juu ya staha, hukifanya kichwa kuwa kizito kuliko miguu. Likija wimbi la ubavuni, chombo hulala. Watu hukimbilia upande mmoja. Mzigo usiofungwa huteleza uwafuate. Maji huingia, na maji yakishaingia hayakai mahali pamoja, bali hukimbilia kule kule chombo kinakoinamia, yakazidi kukilaza. Mambo haya hupita katika dakika chache. Kwa ajili hiyo Waingereza mwaka 1876, baada ya mbunge wao Samuel Plimsoll kupiga kelele miaka mingi, waliweka sheria ya kuchora alama ubavuni mwa meli kuonyesha mwisho wa kupakia. Alama ile ndiyo mizani ya meli. Mimi nikipunguza nusu ratili katika sukari, mteja ana haki ya kuniita mwizi. Basi anayezamisha alama ya meli chini ya maji kwa tamaa ya nauli, yeye tumwiteje?

DENI LANGU MWENYEWE

Hapa, Ndugu Mwenyekiti, nitasema jambo ambalo sikupata kulisema hadharani.

Mwaka mmoja, siku za Kusi, nilivuka katika mashua nikitoka kununua bidhaa. Sitaitaja mashua wala mwenyewe. Ndani tulikuwa watu 23, na maboya yalikuwa mawili. Moja alilikalia mzee mmoja kama mto, na jingine lilikuwa limefungiwa dumu la mafuta lisigongegonge. Tulipotoka nje ya miamba, maji yakaanza kuingia kwa ubavuni. Nahodha akatutazama, akatazama mizigo, akasema, "Tupunguze." Watu wakanyamaza. Nami nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu magunia manane yaliyokuwa juu ya mizigo yote yalikuwa yangu: sukari matano na unga matatu, na fedha yake nilikuwa nimeikopa.

Mbele yangu alikaa mwanamke na mtoto wa miaka mitatu au minne. Aliponiona ninaiangalia sukari, alinisogezea mtoto akasema, "Kaka, nishikie huyu, mikono yako ina nguvu." Hakuniambia neno jingine. Nikamshika mtoto, nikasema kwa sauti, "Nahodha, tupa." Magunia matatu yakaenda majini, chombo kikanyanyuka kidogo, na tukafika.

Sikuusimulia mkasa huu ili mnisifu. Nimeusimulia kwa sababu ya ule muda niliokaa kimya. Katika muda ule mimi ndiye niliyekuwa mwenye meli mwenye tamaa. Mimi ndiye niliyekuwa mkaguzi aliyefumba macho. Hapakuwa na ofisi yoyote ndani ya mashua ile, wala polisi. Palikuwa na mimi na magunia yangu. Nami nakhofu kwamba lau mwanamke yule hangenipa mtoto wake, ningaliendelea kunyamaza mpaka mwisho.

Basi tunapowalaumu wakubwa, na tuwalaumu kwa haki, lakini tusijisahau. Chombo kilichopakiwa kupita kiasi kimepakiwa na wengi: aliyeuza tikiti, aliyeruhusu, aliyepanda hali anaona kimejaa, na mfanyabiashara aliyesukumiza gunia la mwisho.

AJALI HAINA KINGA?

Tunao msemo wa kwamba ajali haina kinga, na mwingine wa kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Semi hizi waliziacha wazee wetu ili ziwe liwazo la waliofiwa, nazo ni liwazo jema. Lakini katika siku zetu zimegeuzwa shuka la kujifunikia wazembe. Mwalimu wangu chuoni, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mkali sana juu ya jambo hili. Alitukataza kuuita uzembe kwa jina la kadari. Akituambia kwamba mtu aliyeacha mlango wazi usiku, akaibiwa, asiseme ameandikiwa. Kwanza na aseme hakufunga mlango, kisha hayo mengine amwachie Mola wake.

Wazee wetu wale wale walikuwa na maneno mengine: tahadhari kabla ya athari. Nao waliyatenda. Nahodha wa zamani hakutoka kabla ya kutazama mawingu, na kama hali ilimtia shaka alilala bandarini siku tatu, wala hapana aliyemcheka. Leo msafiri akiambiwa safari imeahirishwa kwa ajili ya upepo, hutukana. Nasi tuna Mamlaka ya Hali ya Hewa, inayotoa tahadhari za upepo na mawimbi. Zamani tahadhari ilisomwa mbinguni; sasa husomwa redioni. Ubishi ni ule ule.

TUNAYOYATAKA

Nisimalize kwa kulalamika tu. Naona mambo matano yanafaa tuyatake, na tuyatake kwa maandishi, kwa utaratibu na adabu, wala tusichoke.

Kwanza: orodha ya majina. Kila chombo cha abiria, kikubwa kwa kidogo, kiache pwani orodha ya waliopanda, watoto wakiwamo, na nakala ibaki mikononi mwa mtu asiyesafiri. Mtu asiyeandikwa akizama, hufa mara mbili: mara moja majini na mara ya pili katika hesabu.

Pili: boya la kila mtu, na la mtoto lenye kipimo cha mtoto, alivae tangu pwani mpaka pwani. Na katika kila diko kubwa kiwekwe kibanda cha kuazimia, chini ya sheha na kamati ya wavuvi.

Tatu: mafunzo ya manahodha wa vyombo vidogo yatolewe kwa Kiswahili, na yatolewe madikoni, katika siku za maji mafu ambapo wengi hawaendi kuvua. Cheti kiwe cha bei nafuu. Wazee waliozaliwa ndani ya ngalawa wasidhalilishwe kwa mtihani wa karatasi. Waitwe wawe waalimu, kwa kuwa mengi yaliyomo katika vitabu vya wageni wao wanayo kichwani.

Nne: fedha ya bahari irejee baharini. Ada za leseni, za ukaguzi na za bandari ziandikwe katika taarifa ya kila mwaka, ibandikwe ukutani mahali mvuvi anapopita: zimeingia kadhaa, zimetumika kadhaa, gati kadhaa zimejengwa. Na gati za mwanzo ziwe za visiwa vidogo, ambako mgonjwa hubebwa mgongoni.

Tano: chombo kikongwe kinaponunuliwa ng'ambo, kabla ya rangi yake mpya kukauka, iulizwe hadharani: kiliundwa kwa maji gani? Kilichukua watu wangapi kule kilikotoka? Kwa nini kiliachishwa kazi? Na majibu yatangazwe. Mwenye kununua punda sokoni humfunua meno. Itakuwaje tununue meli kwa kutazama rangi?

Hayo ni ya kuitaka Serikali. Nayo yasije yakadhaniwa kuwa ni matakwa ya chama fulani tu. Bahari haikuuliza kadi ya mtu katika mwaka 2011, wala haikuuliza katika mwaka 2012. Waliozama walikuwa wa vyama vyote na wasio na chama, na kaburi lao ni moja.

Lakini liko jambo la sita, nalo si la kuitaka Serikali, ni letu. Nawaomba wanachama wa tawi hili tuafikiane leo kwamba sisi, na watu wa nyumba zetu, hatutapanda chombo tukionacho kimejaa, hata kama tumekwisha kulipa nauli. Nauli ikipotea ni khasara; khasara hulipwa. Na wenzangu wafanya biashara nawaomba tuafikiane kwamba hatutapakia mzigo juu ya abiria. Gunia lingoje safari ya kesho. Mimi nimekwisha kuanza, na nikichelewa kupata unga, wateja wangu mtanisamehe. Na asiyenisamehe na aje dukani nimpe khabari ya magunia matatu.

Mtoto niliyemshika siku ile sasa ni kijana. Nilimwona mwaka uliopita akipaka deheni dau la mjomba wake. Hakunijua, wala mimi sikujitambulisha. Nilisimama nikamtazama anavyoziba kila mshono kwa makini, akirudia pale alipokuwa na shaka. Nikasema moyoni: huyu anafanya kazi ya mamlaka nzima, wala hana muhuri. Lau kila mwenye muhuri angeziba mshono wake kama kijana yule, na kila abiria angekataa kukanyaga chombo kinachovuja, mkutano wetu wa leo usingekuwa na haja.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape subira waliobaki, na atujaalie sisi tuwe na macho kabla ya msiba. Wassalaam.